Barua ya wazi kwa viongozi wa makanisa yetu: tunaomba kurudishiwa Jumapili

Kwa Baba zetu Maaskofu, Wakuu wa Majimbo, Wachungaji, na Wajumbe wa Mabaraza ya Wazee,

Bwana Yesu asifiwe.

YAH: OMBI LA KUPEWA NAFASI YA SALA NA MAPUMZIKO

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri wa hapa Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa katibu wa baraza la wazee. Mwezi Januari, nilipokuwa nikitayarisha taarifa ya mwaka, niliyatoa kabatini madaftari yote ya mihtasari ya vikao vyetu nikayasoma mfululizo, kuanzia kikao cha kwanza nilichokiandika kwa mkono unaotetemeka hadi kile cha Desemba. Nilikuta humo ukuta wa uzio, vyoo, deni la bati, bei ya kifusi, kinanda kilichoharibika, sare za kwaya, kinanda kipya, mnada wa mavuno, na mjadala wa vikao vitatu juu ya nani akae na ufunguo wa stoo. Sala niliikuta mahali pawili tu katika kila muhtasari: "Kikao kilifunguliwa kwa sala saa 8:20 mchana," na kurasa chache mbele, "Kikao kilifungwa kwa sala saa 11:45 jioni." Katika miaka tisa haikuwahi kuwa ajenda. Haikuwamo katika yatokanayo, haikuwamo hata katika mengineyo. Ilikuwa kama bawaba ya mlango, ambayo kila mtu huipita akiingia na kutoka na hakuna anayeitazama.

Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Siandiki kama mtu wa nje anayelirushia kanisa mawe, kwa maana mihtasari ile ni mwandiko wangu, na baadhi ya vikao vilivyorefuka mpaka magharibi vilirefushwa na hoja zangu mwenyewe. Ninawaandikia ninyi kwa kuwa ninyi ndio mnaopanga kalenda. Ninyi ndio mnaoamua ibada ianze saa ngapi na iishe saa ngapi, na ikiisha, waumini waende nyumbani au wabaki. Neno langu ni moja: mwajiri wangu amenipa Jumapili, serikali imenipa Jumapili, na anayenichukulia ni ratiba ya kanisa, ambayo iko mikononi mwenu.

Naomba mniruhusu niieleze Jumapili hiyo, kwa kuwa wengi wenu mnaiona kutoka madhabahuni na huenda hamjaitazama kutoka upande wetu. Ninaamka saa kumi usiku ili chakula cha watoto kiwe kimeiva kabla sijatoka, maana nisipofanya hivyo hakuna atakayekula cha maana mpaka jioni. Saa kumi na mbili na nusu niko kanisani kupanga zamu za wazee; saa moja ibada ya kwanza inaanza; ikiisha tunahesabu sadaka huku kwaya ya ibada ya pili ikijaribu spika juu ya vichwa vyetu. Ibada ya pili nayo ikiisha, matangazo peke yake huchukua nusu saa, kisha tunatoka nje kwa mnada, ambapo kuku mmoja anaweza kununuliwa na kutolewa tena mara nne mpaka ashindwe kusimama, na baada ya mnada vinafuata vikao: kamati ya ujenzi chini ya mwembe, kamati ya fedha ofisini, umoja wa wanawake katika darasa la shule ya Jumapili, na kwaya mbili zikigombea ukumbi. Nikifika nyumbani ni saa kumi na moja jioni au zaidi. Hapo ndipo ninapoanza kufua sare za shule, kwa maana Jumatatu haina subira. Saa nne usiku ninapiga magoti kando ya kitanda, na mara nyingi ninachokumbuka ni kwamba nilianza "Baba yetu uliye mbinguni," halafu nikazinduka nikiwa bado nimepiga magoti, shingo imekakamaa.

Siku nyingine nazo hazikuachwa. Jumanne ni maombi, Jumatano mazoezi ya kwaya, Alhamisi umoja wa wanawake, Ijumaa moja kwa mwezi ni mkesha, na Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi ni jumuiya ya nyumba kwa nyumba, ambayo binafsi naipenda kuliko zote, kwa sababu huwa tumeketi watu kumi na wawili mkekani na mtu anaweza kulia bila kipaza sauti. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo mbaya ikitazamwa peke yake. Shida ni kwamba kila kamati hupanga kana kwamba nyingine hazipo, na ukichunguza mahudhurio utaona kwamba wanaozihudhuria zote ni wale wale ishirini.

Amri ya siku ya mapumziko imeandikwa mara mbili katika vitabu vya Musa, na sababu zinazotolewa hazifanani. Katika Kutoka 20 tunaambiwa tupumzike kwa kuwa Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati 5 tunaambiwa tukumbuke kwamba tulikuwa watumwa katika nchi ya Misri. Mtumwa hana siku ya kwake. Tena ukirudi Kutoka 5 utaona kwamba ugomvi wa Musa na Farao ulianzia kwenye ombi la muda: watu wapewe ruhusa waende jangwani wakamtolee Bwana dhabihu. Farao akajibu kwamba ni wavivu, ndiyo maana wanaomba ruhusa ya kwenda kuabudu, akawanyima majani na hesabu ya matofali akaiacha vile vile. Kila ninaposikia kanisani kwamba waumini wakiachiwa Jumapili mchana watabweteka au wataishia baa, masikio yangu husikia jibu la Farao, ingawa najua kwamba msemaji ni ndugu mwema anayelipenda kanisa na pengine amechoka kuliko mimi.

Sisi tuliofundishwa Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya imani, kabla ya kipaimara tunaijua amri hii, ambayo kwetu ni ya tatu, kwa maelezo ya kutodharau mahubiri na neno la Mungu, na ni sawa. Lakini katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 Martin Luther, ambaye kanisa letu linaitwa kwa jina lake, anataja kwanza jambo la mwili, kwamba watumishi na wajakazi waliofanya kazi juma zima wanahitaji siku ya kupumzika na kurudiwa na nguvu, kisha ndipo anakuja, kwa uzito zaidi, kwenye nafasi ya kukusanyika na kulisikia Neno. Miaka sita baadaye, mwaka 1535, alimwandikia kinyozi wake, Peter Beskendorf, kijitabu kizima juu ya namna ya kusali. Humo anamwonya ajihadhari na wazo linalosema ngoja kwanza, nitasali baada ya saa moja, nimalize hili na lile. Tena anamkumbusha kwamba kinyozi hodari huweka macho na akili kwenye wembe na ndevu, kwa maana akipiga soga huku akitazama huku na huko anaweza kumkata mteja pua au koo. Naukumbuka wembe huo kila ninapomwona mwenzetu akiongoza sala ya kanisa, jicho moja likiwa kwenye saa na jingine kwa mwenyekiti wa mnada, anayempa ishara ya kidole kwamba kuku wako juani muda mrefu.

Nilizaliwa milimani Upare, ambako Waadventista Wasabato walianza kazi yao Giti mwaka 1903, na majirani zetu wa karibu kabisa walikuwa Wasabato. Ijumaa kwao ilikuwa siku ya maandalio. Kufikia alasiri mama wa nyumba ile alikuwa ameshachota maji ya siku mbili, kuni zimepangwa, nguo zimepigwa pasi ya mkaa, na chungu cha makande kimeteremshwa mekoni. Jua likizama hapakuwa na mtu tena wa kubeba jembe wala ndoo mpaka lizame kesho yake. Sisi watoto wa Kilutheri tuliwacheka kwa kula kiporo. Siyasemi haya ili tuanze kubishana juu ya Jumamosi na Jumapili, ubishi ambao umeshawanyima watu wengi usingizi bila faida. Nayasema kwa sababu nilichokiona mlangoni kwa yule mama sijakiona tena tangu nihamie mjini: mwanamke wa Kikristo aliyeketi. Alikaa kwenye kigoda mchana kweupe, mikono yake mapajani, na hakuna aliyemwuliza kama anaumwa.

Kwetu mapumziko yakihubiriwa bila kusema nani atapika, huwa ni mapumziko ya wanaume. Ikiwa mtalichukua ombi langu, basi mlichukue pamoja na habari ya chungu: wahubirieni akina baba kwamba maandalio ya Jumamosi yanawahusu, na kwamba kiporo cha Jumapili hakijawahi kumwondolea mtu heshima.

Na watumishi wenyewe? Miaka miwili iliyopita mwinjilisti wetu alianguka mimbarani katikati ya somo la pili. Alikuwa ameongoza mazishi mawili siku ya Ijumaa, akakesha nasi usiku huo, Jumamosi akafungisha ndoa, na asubuhi ile alikuwa ameshamaliza ibada ya kwanza. Hospitalini walisema ni shinikizo la damu, wakamwandikia wiki mbili za kupumzika. Jumapili iliyofuata nilisoma matangazo kwa kinywa changu mwenyewe: tunamshukuru Mungu, mwinjilisti wetu anaendelea vizuri, na mazishi ya Jumanne ataongoza yeye. Watu walipiga makofi. Nami niliposhuka sikuona kosa lolote. Nimekuja kuliona Januari hii, nilipolikuta tangazo lile kwenye faili, nyuma ya nakala ya cheti chake cha daktari.

Yethro alipomwona Musa akiwaamua watu toka asubuhi hadi jioni alimwambia wazi, "Jambo hili ufanyalo si jema," na huyo alikuwa mkwe, mgeni, kuhani wa Midiani, asiye na kiti katika baraza lao. Mitume nao, katika Matendo 6, walipoona ugawaji wa chakula unawameza, waliagiza wachaguliwe wengine saba kwa kazi hiyo ili wao wadumu katika kuomba na kulihudumia lile Neno. Wachungaji wetu leo wanasimamia ujenzi, wanajadiliana na mafundi bei ya nondo, wanafuatilia hati ya kiwanja, wanaendesha harambee za watu wengine, na hotuba ya Jumapili wanaiandika Jumamosi usiku watoto wakiwa wamelala. Halafu sisi wazee tunanong'onezana kwamba siku hizi mahubiri hayana upako.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa siku 6 na saa 45 za kazi za kawaida kwa juma, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Wenzetu Wakatoliki nao wameliandika katika sheria yao ya kanisa: paroko anaruhusiwa kuwa nje ya parokia kwa mapumziko hadi mwezi mmoja kila mwaka, na siku za mafungo ya kiroho hazihesabiwi humo. Najua kuandika ni jambo moja na kutekeleza ni jingine. Hata hivyo, penye maandishi mtu ana mahali pa kushika. Pasipo na maandishi, mchungaji anayeomba siku moja ya kukaa na mkewe anaonekana amepungukiwa na wito.

Kuna mmoja ambaye hatajwi hata katika matangazo. Mlinzi wetu wa getini ana mwaka wa nne kwenye kazi hiyo, na Jumapili ndiyo siku yake nzito kuliko zote, kwa kuwa ndiyo siku ya magari. Tunampita tukiingia kuabudu, tunampita tukitoka. Nilimwuliza majuzi mara ya mwisho kushiriki Chakula cha Bwana ilikuwa lini, akacheka kwa aibu, akaniambia ni kabla hajaja mjini. Amri ile ya Kumbukumbu la Torati inamtaja mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni aliye ndani ya malango yako, ili nao wapumzike kama wewe. Punda wa Mwisraeli alikuwa na siku yake iliyoandikwa. Mlinzi wa kanisa langu, aliye ndani ya lango letu kwa maana halisi ya neno hilo, hana.

Juu ya mikesha nitasema kwa uangalifu, kwa maana najua iko mioyoni mwa wengi, na mimi mwenyewe niliokoka mkeshani. Bwana wetu alikesha usiku kucha mlimani akimwomba Mungu, kama Luka 6 inavyosema. Lakini ni yeye huyo aliyelala katika shetri juu ya mto, dhoruba ikipiga, mpaka wanafunzi wakamwamsha kwa hasira. Alfajiri aliondoka akaenda mahali pasipokuwa na watu, na makutano walipomtafuta hakurudi kwao, akaenda vijiji vingine. Wanafunzi waliporudi kutoka kazini aliwaambia waende kwa faragha wakapumzike kidogo, kwa sababu watu walikuwa wengi wakija na kwenda, hata hawakuwa na nafasi ya kula. Mkesha wetu unaochukua muda wa saa saba una nyimbo, una shuhuda, una sadaka mbili, una mgeni rasmi, una spika zinazosikika mpaka mtaa wa pili ambako kuna mgonjwa na kuna mtoto mchanga. Kumwomba Mungu kwenyewe, nikikumbuka vizuri, kulichukua dakika arobaini mara ya mwisho. Asubuhi yake muuguzi aliyekesha nasi alikwenda zamu ya mchana wodini. Sijui mgonjwa wake angesema nini juu ya mkesha huo.

Tumesahau kunyamaza. Eliya aliyechoka mpaka akaomba kufa hakuhubiriwa kwanza: malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale, na ilikuwa baada ya hapo, tena baada ya upepo na tetemeko na moto, ndipo sauti ile ndogo ya utulivu ikamfikia. Katika ibada zetu ukimya unaotokea ni ule wa umeme kukatika, nao hudumu mpaka jenereta iwashwe. Liturjia inayo nafasi ya toba ya kimya, lakini mpiga kinanda amezoea kuijaza, kana kwamba watu wakiachwa na Mungu wao kwa dakika mbili watatoroka.

Siku za juma kanisa lenyewe limefungwa kwa kufuli mbili, kwa sababu ya vyombo vya muziki. Sibezi hofu hiyo. Tuliibiwa vipaza sauti, na ni mimi niliyeandika muhtasari wa kikao kile. Ila nimewaona kwa macho yangu watu wanaosukuma geti saa saba mchana, mama ntilie aliyepata simu ya msiba, kijana aliyetoka kwenye usaili wa kazi, wakaambiwa na mlinzi warudi Jumanne saa kumi na moja jioni. Mwaka fulani nilimpeleka ndugu yangu kutibiwa Peramiho, ambako Wabenedikti, watawa wa Kikatoliki, wako tangu 1898. Wale ni watu wa kazi: wana hospitali, wana karakana, wana mashamba. Kengele ilipolia niliona fundi akiweka randa chini ubao ukiwa nusu, akajifuta vumbi, akaenda kusali. Kanuni yao ya karne ya 6 inasema hivyo hivyo, kwamba kengele ikisikika mtu aache alichoshika mkononi. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la wagonjwa nikiandika barua za michango ya harambee, na niliona haya.

Najua mtakachonijibu juu ya fedha, na sikipuuzi, maana sadaka hizo nimezihesabu kwa vidole vyangu. Bila mnada paa letu lisingesimama. Bila vikao, fedha za watu zingeliwa. Lakini mnada wa kila Jumapili si amri ya Sinai. Ukifanyika Jumapili moja kwa mwezi, watakaonunua ndizi kwa shilingi elfu ishirini ni wale wale, na ahadi nyingi sasa zinakuja kwa simu watu wakiwa makwao. Kamati tano zinazojadili jengo lile lile zinaweza kukaa pamoja kwa saa moja na nusu. Nasema hili kama katibu: nusu ya muda wa vikao vyetu huliwa na kusomeana upya yale tuliyokwisha kuyaamua.

Mtanijibu pia kwamba tukipunguza shughuli waumini watahamia makanisa yenye huduma kila siku. Nimewatembelea watatu waliohama kutoka jumuiya yangu. Hakuna aliyesema alifuata vikao. Mmoja aliniambia kwamba kule aliombewa kwa jina lake na akaulizwa hali ya mtoto wake, wakati kwetu alikaa miaka sita akichangia kila bahasha bila mzee hata mmoja kubisha hodi kwake. Mzee wa eneo lake nilikuwa mimi, na kila Jumamosi mchana, muda niliotakiwa kumtembelea, nilikuwa kwenye kamati.

Uamsho uliowapata babu na bibi zetu, ule ambao hadi leo tunausimulia kila tunapoona kanisa limepoa, haukuanzia kwenye kamati. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akihudumu Gahini nchini Rwanda, aliondoka huko akiwa amechoka na kuvunjika moyo baada ya njaa kubwa iliyoikumba nchi ile, akaenda Kampala kupumzika. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, na hao wawili wakatulia wakisoma Biblia na kusali pamoja. Kutoka kwenye mapumziko hayo ya mtu aliyeishiwa nguvu, moto uliwaka Gahini katika miaka iliyofuata, ukaenea Uganda, Burundi na Kenya, ukaingia kwetu kupitia Bukoba. Angekuwa mwinjilisti wetu, tungemwita arudi haraka kwa ajili ya mazishi ya Jumanne.

Ninachoomba kinatosha kwenye waraka wa ukurasa mmoja. Jumapili moja ya kila mwezi, mnayoichagua ninyi, isiwe na mnada, wala kikao, wala mazoezi, wala semina, na kufikia saa sita mchana geti liwe limefungwa na kila mtu yuko kwake, mchungaji akiwemo. Kila mtumishi wa kanisa awe na siku yake ya juma iliyoandikwa na kubandikwa ubaoni, ili anayempigia simu siku hiyo ajue kwamba anamwondolea haki yake, na likizo yake ya mwaka isiuzwe wala kuahirishwa. Walinzi wapewe saa zao 24, na Jumapili wazee wapokezane getini ili mlinzi aingie ibadani; mimi nimeshajiandikisha zamu ya kwanza. Mlango mdogo wa kanisa uachwe wazi mchana siku za juma, vyombo vikifungiwa stoo, ambayo ufunguo wake, baada ya vikao vitatu, tunajua unakaa kwa nani. Baada ya mahubiri tunyamaze dakika tatu, kinanda kikiwa kimezimwa. Na sala iwe ajenda namba moja ya kila kikao, yenye muda wake na majina ya watu wa kuombewa, badala ya kutajwa tu tukifungua na tukifunga. Mkiona ni mengi mno kwa mwaka mmoja, anzeni na mlinzi.

Kikao cha baraza la wazee la usharika wetu kimepangwa Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Nimeshampelekea mwenyekiti barua ya udhuru. Sisafiri, siumwi, sijafiwa. Katika nafasi ya sababu nimeandika "kupumzika na kusali," na nimemwomba atakayekaimu ukatibu siku hiyo aniweke kwenye orodha ya wasiohudhuria kwa udhuru, na aiandike sababu hiyo kama ilivyo.

Wenu katika Kristo,

Katibu wa Baraza la Wazee,
Dar es Salaam